Yaya na Hati ya Ijara

Kwa karne nyingi wanafunzi wa darasa za misikitini katika Lamu, Mombasa, Unguja na Visiwa vya Ngazija walifundishwa fikihi ya madhehebu ya Shafii, na miongoni mwa vitabu vyenye daraja ya juu katika madhehebu hayo ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho, baada ya kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1914, kilipata nafasi hata mezani kwa mahakimu wa serikali ya kikoloni, watu ambao hawakujua Kiarabu lakini walilazimika kukata mashauri ya Waislamu kwa sheria ya Waislamu. Ndani yake mna mlango wa ijara, yaani hukumu za kukodi na kuajiri, na katika mlango huo, baina ya masuala ya kukodi mnyama wa kupanda, nyumba ya kukaa na ardhi ya kulima, mna suala la kumwajiri mwanamke amnyonyeshe mtoto wa mtu mwingine na kumlea.

Suala hilo limepambanuliwa kwa uangalifu ambao mtu hautarajii katika kitabu kilichoandikwa miaka mia saba na kitu iliyopita. Wanazuoni walianza kwa kutenga kazi mbili ambazo sisi huzichanganya: kunyonyesha ni kazi moja, na ulezi, ambao waliuita hadhana, ni kazi nyingine. Mtu aweza kuajiri kwa hii peke yake, au kwa ile peke yake, au kwa zote mbili kwa mapatano mamoja. Lakini, kwa kauli waliyoiona kuwa ndiyo sahihi zaidi, aliyeajiriwa kwa moja halazimiki kuifanya ya pili kwa sababu tu yumo nyumbani na mtoto yumo mikononi mwake. Kisha wakaieleza hadhana hiyo ina nini ndani yake, nayo ni usafi wa mtoto na wa nguo zake, mafuta na wanja wake, kumlinda asidhurike, na kumpembeza katika susu mpaka usingizi umchukue. Hayakutajwa maji ya kuoga baba wa mtoto, wala wageni wa mama wa mtoto, wala ufagio wa ua. Na mwanamke aliyeajiriwa kwa kazi zote mbili akakatikiwa na maziwa, mapatano ya kunyonyesha yalianguka pamoja na sehemu yake ya ujira, ama ya ulezi yakasimama palepale.

Yalikuwapo na masharti mengine. Muda ulitakiwa ujulikane tangu mwanzo. Mtoto alitakiwa ajulikane ni nani, maana watoto hawanyonyi sawa. Mahali palitakiwa pabainishwe, kama ni nyumbani kwa mlezi au nyumbani kwa wazazi, kwa sababu pa kwanza ni pepesi kwake na pa pili pana amani zaidi kwao, na kila mmoja ana haki ya kujua anakubali nini. Na mwanamke mwenye mume hakuajiriwa ila kwa idhini ya mumewe, sharti ambalo leo litamkera msomaji, nalo lina haki ya kumkera, ila litazamwe pia upande wake wa pili: lilimkiri yule mlezi kuwa ni mtu mwenye nyumba yake na haki za watu juu yake, si kiumbe kilichotokea mlangoni bila asili.

Katika yote hayo hakuna lililozusha hitilafu kubwa kuliko ujira. Kurani, katika Surat al-Baqara aya ya 233 na tena katika Surat at-Talaq aya ya 6, imeamrisha kwamba mwanamke anayenyonyesha mtoto apewe haki yake kwa wema. Lakini haki hiyo yaweza kuwa chakula na nguo tu? Imamu Abu Hanifa alikubali, akiona kwamba watu hawana desturi ya kumnyima mnyonyeshaji wa mtoto wao, kwa kuwa kumnyima yeye ni kumnyima mtoto. Na Imamu Malik naye aliruhusu. Imamu Shafii alikataa. Kwake yeye chakula na nguo visivyopimwa ni kitu kisichojulikana, na ujira usiojulikana huivunja ijara, hata kama mwajiri ni mkarimu. Basi kwa madhehebu yaliyotawala pwani yetu, mlezi aliyechukuliwa kwa ahadi kwamba atakula tunachokula na kuvaa tunachomvika hakuwa na mkataba sahihi, na mwajiri wake alikuwa na deni la ujira wa mfano, yaani ule wanaolipwa wanawake walio kama yeye kwa kazi iliyo kama ile.

Mtu akiisha kuyasoma hayo, ana haki ya kuuliza kwa nini jamii iliyokuwa na elimu hii mlangoni mwake haikuacha nyuma mrundo wa hati za mayaya, kama ilivyoacha hati za mashamba, nyumba, rehani na majahazi. Jawabu la kwanza ni jepesi na la aibu: mwenye kumiliki hakodi. Nyumba zilizokuwa na uwezo wa kuweka mlezi zilikuwa ndizo zilezile zilizokuwa na wajakazi, na mjakazi alikuwa ndani ya milki, si ndani ya mapatano. Maziwa yake, mikono yake na usiku wake vilikwisha kulipiwa siku aliponunuliwa, au havikulipiwa kabisa, kama alikuwa mzalia wa nyumba ileile.

Tunayo picha ya malezi ya namna hiyo kutoka kwa mtu aliyelelewa nayo. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake ameeleza jinsi watoto wa Sultani walivyozungukwa na walezi wa kitumwa, na hadithi za kutisha ambazo walezi hao waliwasimulia watoto. Anawataja kwa mapenzi ya kweli. Lakini ukisoma kitabu chake hukuti mahali ambapo mlezi mmoja anaulizwa kama angependa kubaki, na sidhani mwandishi aliificha habari hiyo. Kwa macho ya mtoto aliyependwa, swali lenyewe halikuwapo.

Ingekuwa dhuluma kwa historia kusema kwamba mapenzi hayo yalikuwa maneno matupu. Sheria yenyewe iliyapa nguvu: kwa Mashafii, mtoto aliyenyonya mara tano katika miaka yake miwili ya kwanza amekuwa mtoto wa yule aliyemnyonyesha, na watoto wa mama huyo wamekuwa ndugu zake wa ziwa, asioweza kuoana nao, hata kama yeye ni mtoto wa mfalme na wao ni wazalia. Matajiri wengi waliwaachia huru walezi wao kwa wasia, wengine wakaweka wakfu wa nyumba ili watumwa walioachwa huru wapate mahali pa kukaa wao na vizazi vyao, na baadhi ya nyumba hizo zilisimama katika miji ya pwani kwa miaka mingi baada ya waliozijenga kusahauliwa. Hayo ni mambo makubwa. Ila yote yalikuwa fadhila, na fadhila hutolewa na mwenye nguvu kwa wakati anaoutaka yeye. Mlezi aliyeachiwa nyumba na mlezi aliyesahauliwa katika wasia walikuwa wamefanya kazi ileile, na wa pili hakuwa na kitu mkononi cha kumpelekea kadhi.

Utumwa ulivunjwa kidogo kidogo, kwa tahadhari kubwa ya kutowakasirisha wenye watumwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Seyyid Barghash alishurutishwa na Waingereza kuutia sahihi. Hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa na mahakama za Unguja na Pemba kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897, zamani za Seyyid Hamoud bin Mohammed. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907. Na Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa wamelipitia jambo hili kwa upole usio na sababu njema, ilingoja mpaka mwaka 1922. Amri ya 1897 haikumwachia mtu huru palepale alipo. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani akaombe, na aonyeshe kwamba anayo makazi na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa kuwa mzururaji. Masuria walitengwa kabisa na haki hiyo hadi mwaka 1909, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Na kwa kuwa ndani ya nyumba kubwa mpaka baina ya suria, mlezi na mtumishi haukuwa mstari ulionyooka, wanawake wengi walibaki katika kivuli ambacho sheria haikukiangaza.

Basi karatasi ya kwanza ambayo mwanamke mlezi aliweza kuishika kwa jina lake ilikuwa cheti cha uhuru, si hati ya kazi. Cheti kilisema yeye si wa nani. Hakikusema afanye kazi gani, wapi, kwa muda gani na kwa kiasi gani. Na wengi waliokuwa nacho, na wengi zaidi wasiojisumbua kukitafuta, walirudi jikoni na kwenye susu ileile, wakaitwa watu wa nyumba, wakaendelea kula na kuvaa kwa mkono wa bibi yao. Wengine walifanya hivyo kwa mapenzi, wengine kwa kuwa hawakuwa na shamba wala ndugu wa kuwapokea.

Serikali za Waingereza zilipokuja na sheria zao za kazi, karatasi iliingia kwa wingi, lakini ilimpita yaya bila kumsalimu. Kuanzia mwaka 1906 katika Kenya, na mwaka 1923 katika Tanganyika, zilitungwa sheria za mabwana na watumishi ambazo nia yake kuu haikuwa kumhakikishia mtumishi ujira wake, ingawa hilo nalo lilitajwa, bali kumzuia asiondoke. Kuacha kazi kabla ya muda kulikuwa kosa la jinai, na mtu aliweza kufungwa jela kwa kosa ambalo mahali pengine lingekuwa deni tu. Mwaka 1915 Kenya ilitunga sheria ya kipande, iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu: kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa awe na cheti chenye alama za vidole vyake, majina ya waliomwajiri, mshahara wake na siku aliyoruhusiwa kuondoka, nacho kiliwekwa katika kikopo cha bati ambacho wengi walikivaa shingoni. Huo kwa umbo ni mkataba ulioandikwa, na kwa maana ni mnyororo. Wazee waliokivaa hawakukisahau, na nadhani sehemu ya hofu ambayo mpaka leo mtu mnyonge huiona anapoambiwa atie dole gumba kwenye karatasi ya kazi imetoka humo.

Kipande kilikuwa cha wanaume, na utumishi wa nyumbani nao, katika miji ya wakoloni, ulikuwa wa wanaume. Janet Bujra, katika kitabu chake juu ya utumishi wa nyumbani Tanzania kilichotoka mwaka 2000, ameonyesha jinsi mpishi, dobi na boi walivyokuwa wanaume kwa sababu kodi ya kichwa iliwasukuma wao mjini, wazazi hawakuwaachia binti zao, na mabibi wa Kizungu hawakupenda msichana alale karibu na waume zao. Yaya alikuwa mmoja katika wachache waliovuka mpaka huo, kwa kuwa mtoto mchanga alihesabiwa kuwa kazi ya mwanamke hata kwa watu walioamini kwamba kufua shuka ni kazi ya mwanamume. Alikuja kupitia kwa mume au kaka aliyekwisha kuajiriwa pale, akalala katika chumba cha uani, na mapatano yake yakawa sehemu ya mapatano ya mwanamume huyo, kama nyongeza isiyo na tarakimu. Alipoondoka, alipewa barua ya sifa iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambayo hakuweza kuisoma, akaibeba kutoka mlango hata mlango akiwa hajui kama imemsifu au imemchafua. Hata lugha ya kumpa amri ilichapishwa vitabuni: mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha Kiswahili cha bara kwa ajili ya masetla, askari, wachimba madini na wafanyabiashara pamoja na wake zao, na vitabu vya jamii hiyo, kwa kadiri vilivyotimiza haja ya wanunuzi wake, vilikuwa tajiri kwa vitenzi vya kuamuru na maskini kwa maneno ya kupatana.

Watumishi wa kiume waliidai karatasi yenye heshima kwa jasho lao. Mjini Dar es Salaam, mwezi Desemba 1956, watumishi wa majumbani na wa mahoteli waligoma, mwaka mmoja baada ya kuundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu wake, na mgomo wao ulikuwa miongoni mwa matukio yaliyoonyesha kwamba boi aliyenyamaza mezani alikuwa anahesabu. Sheria mpya ya ajira iliyotungwa mwaka 1955 ilichukua nafasi ya ile ya 1923. Lakini madai ya mshahara yaliandikwa kwa mtu mwenye kazi ya kuonekana, na kazi ya yaya ina kasoro kubwa kwa mtu anayetaka kuipima: ikifanywa vizuri haionekani. Mtoto hakuungua, hakuanguka, hakulia usiku. Tuipe tarakimu gani?

Uhuru ulibadilisha nyumba kwa kasi kuliko ulivyobadilisha sheria za nyumba. Wanawake wasomi waliingia ofisini, shuleni na hospitalini. Watoto wa umri wa kati, ambao zamani walibeba wadogo zao mgongoni, walipelekwa darasani kwa maelfu baada ya kampeni ya elimu ya msingi kwa wote katika miaka ya sabini. Na bibi mzaa mama alibaki kijijini. Pengo hilo lilizibwa na binti wa jamaa. Aliletwa kutoka Iringa, Singida au Dodoma, au kutoka magharibi ya Kenya kwenda Nairobi, mara nyingi na shangazi au jirani wa kijiji, kwa ahadi ambayo haikuandikwa na wakati mwingine haikutamkwa hadi mwisho: atasomeshwa kushona, atanunuliwa cherehani, ataozwa vizuri. Watoto walimwita dada. Mama mwenye nyumba akawa mama yake, na binti hadai mshahara kwa mama yake bila kuonekana hana adabu.

Hapo ndipo ninapoona fundo la habari yote hii. Umiliki ulipokufa, undugu ulichukua kiti chake, na kwa upande wa hati mambo yakabaki vilevile: mjakazi hakuandikiwa kwa kuwa alikuwa mali, na dada haandikiwi kwa kuwa ni ndugu. Mimi siudharau undugu huo, nami nimewaona mayaya waliozikwa na familia walizozilea kwa majonzi ya haki. Lakini undugu huo una ajabu moja, nayo ni kwamba hutajwa siku ya kulipa na husahauliwa siku ya kugawana. Dada wa damu hurithi, dada wa kazi hupewa nauli. Aliye ndugu kweli hapotezi kitu akiandikiwa, na asiye ndugu kweli hana kinga nyingine.

Sheria za karne hii, kwa hakika, zimeandikwa kana kwamba watungaji wake waliijua hila hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi, yakiwa na jina na umri wake, mahali alikoajiriwa, kazi yenyewe, siku ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Inamlazimu ahakikishe kwamba asiyeyaelewa maandishi hayo anaelezwa kwa namna anayoielewa. Na inaweka jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui, kwamba shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri hana hati ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake yeye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imefuata njia hiyohiyo, imetaka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na imekubali alama ya kidole mahali pa sahihi. Dole gumba lililotiwa wino kwa ajili ya kipande sasa linamfunga mwajiri.

Mwenye kukaa na yaya wake kuandika hati kwa mujibu wa sheria hizo atajikuta, kama ana masikio ya kale, anajibu maswali ya wanazuoni. Kazi ni ipi: mtoto peke yake, au mtoto na kufua na kupika na kumpokea mkubwa shuleni? Hili ndilo linalovunja nyumba nyingi, wala si mshahara. Yaya aliyekuja kwa mtoto mmoja hujikuta baada ya miezi sita ana watoto watatu, bustani na mgonjwa, na kila nyongeza imeingia kwa sauti ya upole. Kazi ikiandikwa kwa majina yake, nyongeza hudai mazungumzo mapya. Mahali ni wapi, na akisafiri na familia kwenda mkoa mwingine hesabu yake inakuwaje? Muda ni upi, na notisi? Kwa Tanzania, anayelipwa kwa mwezi ana haki ya siku 28 za taarifa baada ya mwezi wake wa kwanza kazini, nazo ni haki ya pande mbili: mama anayeamka alfajiri kukuta yaya ameondoka na basi la saa kumi na mbili naye ameonja ubaya wa kutoandikiana. Likizo ya mwaka ni siku 28. Na asiyetimiza miaka 14 haajiriwi kabisa, awe ndugu au asiwe.

Juu ya ujira, ule ubishi wa Abu Hanifa na Shafii umehamia katika matangazo ya serikali bila mtu kuutaja. Amri ya mishahara ya Tanzania ya mwaka 2013 ilimwekea mtumishi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 80,000 kwa mwezi, na anayelala humohumo, katika nyumba ya mtu wa kawaida, shilingi 40,000. Maana yake kitanda na sahani vilihesabiwa kuwa nusu ya mshahara, bila kuulizwa kitanda kiko wapi na sahani ina nini. Shafii angetaka apimiwe. Mwajiri mwenye insafu aandike hivyo hasa: chumba ni kipi, kina mlango unaofungwa au hakina, chakula ni kilekile cha mezani au ni kingine, sabuni na dawa ni juu ya nani, na ni fedha taslimu kiasi gani zinazobaki, tena zinalipwa mkononi mwake au kwa simu yake mwenyewe, si kwa mjomba aliyemleta.

Wakati huohuo njia ya zamani ya baharini, baina ya pwani yetu na Uarabuni, imefunguka kwa upande mwingine. Mabinti wa Unguja, Tanga na Mombasa huenda Maskati, Dubai na Riyadh kulea watoto wa watu, baadhi yao katika nyumba zinazozungumza Kiswahili, kwa kuwa ni za jamaa waliohamia Omani baada ya Mapinduzi ya Unguja ya 1964. Hao ndio mayaya wa kwanza wa pwani yetu kusafiri wakiwa na mkataba mfukoni, na hao ndio waliotufundisha kwamba mkataba waweza kuwa wawili: mmoja uliosomwa nyumbani, na mwingine kwa Kiarabu uliowekwa mbele yao baada ya kushuka ndege, wenye mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza, huku pasipoti imekwisha kuchukuliwa na mwajiri kwa jina la kuitunza. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2017 ripoti ya masimulizi ya Watanzania waliofanya kazi Omani na katika Falme za Kiarabu, na mambo hayo yamo. Mkataba wa kimataifa namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011, ulikuwa umekwisha kutaka mtumishi anayevuka mpaka apewe masharti yake kwa maandishi kabla hajaondoka, na hati zake za safari zikae mkononi mwake.

Liko jambo moja ambalo hakuna hati niliyoisoma iliyolimaliza, nalo ni usiku. Sheria ya Tanzania inasema saa 45 kwa juma na saa tisa kwa siku, lugha iliyozoea kiwanda na king'ora chake. Mtoto wa miezi minne huamka saa saba, saa tisa, saa kumi na moja, na anayelala naye chumba kimoja hawezi kusemwa kuwa amepumzika wala kuwa amefanya kazi usiku kucha. Mkataba wa 189 umesema kwamba saa ambazo mtumishi hayuko huru kuzitumia apendavyo, kwa kuwa anangoja kuitwa, zihesabiwe kuwa saa za kazi kwa kadiri ambayo sheria za nchi au mapatano ya pamoja yataamua, na humo katika kadiri ndimo ukarimu wake ulimoishia. Nyumba ninazozijua ambazo zimelitatua vizuri zimefanya hivyo kwa mstari mmoja wa mkono chini ya karatasi: kwamba mtoto hulala kwa wazazi wake siku za kazi, na usiku ambao yaya atalala naye, kwa safari au kwa ugonjwa, hulipwa peke yake, na asubuhi yake huanza saa nne.